Kodi ya Nyumba na Kodi ya Ugeni

Vijana wetu wengi siku hizi wana kazi zisizo na ofisi. Yuko anayetafsiri nyaraka, yuko anayechora nembo za biashara, yuko anayetunza hesabu za duka ambalo hajawahi kulikanyaga. Mimi ni katika hao wa mwisho. Baada ya kuhitimu chuo cha Kiislamu katika fani ya uhasibu nilirudi kwetu Masagati, upande wa Mlimba katika bonde la Kilombero, na huku, pamoja na ukatibu wa kamati ya msikiti, nafanya hesabu za wafanyabiashara watatu wa mpunga na mchele: wawili wa Ifakara na mmoja wa Dar es Salaam. Risiti hupigwa picha na kuletwa kwa WhatsApp, nami huziingiza vitabuni usiku mtandao unapotulia. Vijana wanaoijua kazi hii, na wakati mwingine wazazi wao, huniuliza: ikiwa kazi yenyewe yabebeka katika begi, kwa nini mtu asiende kuishi nje ya nchi? Na akienda, atapata wapi nyumba isiyoumeza mshahara wote?

Nawajibu kwa niliyoyaona, kwani niliishi Kampala na familia yangu kwa miezi kumi, kuanzia mwaka 2023 hadi 2024. Sikuifuata Kampala, nilimfuata mke wangu. Yeye ni mwalimu, na alipata nafasi ya masomo katika kampasi ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, iliyoko Kabojja, pembezoni mwa jiji kwa upande wa barabara ya Masaka. Chuo hicho kilianzia Mbale mwaka 1988, na Watanzania si wageni kwake. Bweni lilikuwapo, lakini bweni halipokei mume na mtoto wa miaka mitatu. Tukakubaliana kwamba ama twende sote, ama nafasi ile iachwe. Wateja wangu hawakuwa na neno. Aliyeko Dar es Salaam alisema kwamba kwake Masagati na Kampala zote ni mbali sawasawa.

Kuvuka mpaka hakukuwa na uzito. Mtanzania haombi viza kuingia Uganda, na tangu Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilipoanza kutumika Julai 2010, mwanafunzi na familia yake hupata vibali kwa utaratibu unaoeleweka. Uzito ulikuwa kwenye nyumba, nao ulianza kabla hatujafunga mizigo.

Dalali mmoja, ambaye namba yake nilipewa na mtu aliyepewa na mtu, alinitumia picha za vyumba viwili vizuri, vyenye vigae na mapazia, akataka nusu ya kodi kwa njia ya simu ili "vyumba visichukuliwe". Mke wangu aliitazama ile picha kwa muda, kisha akaikuza kwa vidole. Kwenye kona ya dirisha lilionekana jahazi limetweka tanga. Kampala ina ziwa jirani, bahari haina. Vyumba vile, kama vipo, vipo Mombasa au Unguja. Hatukutuma hata senti. Nalitaja hili kwa kuwa nimekutana na watu wanne hadi sasa waliotuma, na hakuna hata mmoja aliyerejeshewa fedha yake. Katika fiqhi ya ijara, mkataba hausimami mpaka manufaa yanayokodishwa yajulikane, muda ujulikane na ujira ujulikane. Picha haimjulishi mtu chochote kati ya hivyo vitatu.

Tulifikia nyumba ya wageni karibu na stendi, kwa shilingi 45,000 za Uganda kwa usiku. Tulikaa usiku tisa. Piga hesabu mwenyewe: ni 405,000, na mbele utaona kwamba fedha hiyo ilitosha kodi ya zaidi ya mwezi mmoja. Mchana nilizunguka na madalali maeneo ya Nateete na Busega, ambako wenyeji wengi wa kipato cha chini na cha kati hupanga vyumba vya safu moja, mlango kwa mlango, uwanja ukiwa wa pamoja. Kwa Kiganda chumba cha namna hiyo huitwa muzigo, na vingi huitwa mizigo. Mswahili akiambiwa kwamba kuna "mizigo ya kupangisha" atacheka kwanza.

Nilipofungua kinywa tu, bei ilipanda. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, lakini mitaani Kiswahili safi bado kinamtangaza msemaji kuwa mtu wa kuja, na mtu wa kuja hudhaniwa kuwa na dola mfukoni. Vyumba viwili katika safu moja vilitajwa kwangu kwa shilingi 600,000 kwa mwezi, miezi sita mkononi, na dalali apewe kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kunionyesha mlango. Jirani wa mlango unaofuata, mzaliwa wa Masaka, alikuwa akilipa 350,000. Shilingi 250,000 zilizozidi hazikuwa bei ya vyumba. Zilikuwa bei ya kutojulikana. Mwenye nyumba hajui nitalipa au nitatoroka usiku, hajui huyu mwanamke ni mke wangu au la, hajui nikikamatwa polisi watamwuliza nini yeye. Kila asilolijua huliongezea fedha. Sikumlaumu, nami ningekuwa na nyumba ya kupangisha Ifakara, huenda ningefanya hivyo hivyo kwa mgeni.

Siku ya saba ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa na barua. Kabla ya safari, mwenyekiti wetu alisisitiza niichukue, ingawa kwa nafasi yangu mimi ndiye ninayeziandika barua za msikiti na niliona ajabu kujiandikia. Akaiandika yeye kwa mkono wake: kwamba huyu ni fulani, katibu wetu kwa miaka minne, tunamjua yeye na wazazi wake, ana mke mmoja na mtoto mmoja, anakwenda Kampala kwa ajili ya masomo ya mkewe. Muhuri, sahihi, namba ya simu. Baada ya swala nilimpa imamu wa msikiti uliokuwa jirani na ile mizigo. Hakuisoma mwenyewe. Alimwita mzee mmoja aliyewahi kufanya biashara ya samaki Mwanza, naye akaisoma kwa sauti, akaigeuza nyuma na mbele, kisha akasema:

"Tumpigie huyu mwenyekiti."

Hapo moyo ulinienda mbio. Anayeijua Masagati anajua kwamba mwenyekiti huyo, kama walivyo wakazi wengi, hupata mtandao kwa kupanda kilimani, na hapandi kila saa. Simu haikupatikana. Tulijaribu tena, haikupatikana. Mzee akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nikamwambia: "Baba, mpigie kesho baada ya Alasiri. Saa hiyo huwa juu, anaongea na mwanawe aliyeko Dodoma." Kesho yake alipiga mbele yangu, na simu ikaita. Sikusikia yaliyosemwa upande wa pili, ila nilimwona mzee akicheka mara mbili. Alipokata alisema kwamba ameambiwa katibu huyu ni mbishi kwenye vikao lakini hesabu zake hazijawahi kupotea.

Mzee akatupeleka kwa Hajjati mmoja, mjane, mwenye safu ya vyumba vinane. Hakukuwa na dalali. Mke wangu ndiye aliyekagua, nami nilimwachia kwa kuwa yeye huona nisiyoyaona. Aliuliza choo kinatumiwa na milango mingapi, akajaribu komeo la mlango kwa ndani, akauliza maji ya bomba hukatika siku gani. Hajjati naye alikuwa na maswali yake, mzee akayafasiri: mtalipa tarehe ngapi, cheti cha ndoa mnacho, na je, mnatumia pasi na jiko la umeme? Cheti tulikuwa nacho. La mwisho lilitokana na mita ya Yaka, ambayo ni kama LUKU yetu, iliyokuwa moja kwa milango minne, na jiko la umeme la mpangaji mmoja hulipiwa na wote wanne.

Tukakubaliana 350,000 kwa mwezi, yaani kama laki mbili na elfu thelathini na tano za kwetu kwa wakati ule, miezi mitatu mbele na mwezi mmoja wa dipoziti. Nilimwomba tuandikishane, na mzee awe shahidi. Hajjati alisita kidogo, akidhani simwamini. Nilimweleza kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana madeni, na kwamba karatasi inamlinda yeye na watoto wake kama inavyonilinda mimi. Uganda ina sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya mwaka 2022, ambayo pamoja na mengine inazuia kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Sheria hiyo haimfikii kwa urahisi mgeni asiye na karatasi.

Ningeweza kuishia hapo, na msomaji angedhani shida ya nyumba imekwisha. Kwa mfanyakazi wa ofisini, chumba ni mahali pa kulala. Kwa anayefanya kazi kwa kompyuta mpakato, chumba ni kiwanda, na tulikuwa na vyumba viwili, mwanafunzi mmoja, mhasibu mmoja na mtoto anayepanda juu ya kila kitu. Mke wangu alihitaji utulivu baada ya Isha. Mimi nilihitaji utulivu wateja wanapofungua maduka. Tukagawana: usiku wa kwake, baada ya Alfajiri wa kwangu, na mtoto wa yule asiyekuwa na zamu. Umeme ulipokatika zamu zilivurugika, na hapo ndipo subira ya ndoa hupimwa, si kwenye mawaidha ya siku ya harusi. Intaneti nayo si ya bei ya kudharau. Kodi ya shilingi 200 kwa siku waliyokuwa wakitozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii tangu 2018 iliondolewa Julai 2021, na mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, hivyo kijana anayepata wateja wake kupitia huko ajue hilo kabla ya kukata tiketi. Kipato changu miezi ile hakikufikia dola 400, na bando lilichukua shilingi 90,000 za Uganda kila mwezi, robo ya kodi ya nyumba.

Lakini lililonishughulisha zaidi silo hilo, na sijaliona likitajwa na wale wanaosifia kazi za kufanyia nyumbani. Katika safu ya vyumba vinane, baada ya saa mbili asubuhi waume wote hutoka. Uwanja hubaki wa wanawake: wanafua, wanachambua maharage, wanasukana nywele, vichwa wazi, kwa kuwa hapana mwanamume. Isipokuwa mmoja, aliyeketi nyuma ya pazia na kompyuta. Wiki ya pili nilihisi kwamba sauti zinapungua ninapofungua mlango. Wiki ya tatu Hajjati alimwita mke wangu, akamwambia kwa upole kwamba wapangaji wake wanauliza, mume wako anaumwa? Ni namna ya kiungwana ya kusema: mume wako anatubana.

Tulilizungumza usiku ule. Mke wangu alisema, "Wao wamekaa hapa miaka, sisi tumekuja juzi. Uwanja ni wao." Nilikubaliana naye, ila sikuwa na pa kwenda, kwani mgahawa wenye intaneti ungenila faida yote. Nilimweleza yule mzee wa Mwanza. Siku mbili baadaye aliniletea ufunguo wa chumba cha madrasa. Watoto huingia saa nane mchana baada ya shule, kabla ya hapo chumba ni kitupu. Kwa miezi tisa iliyofuata nilifanya hesabu za mchele wa Kilombero juu ya meza ya madrasa ya Kampala, mbele ya ubao wenye herufi za Kiarabu. Hawakunitoza kodi. Nilitunza daftari lao la michango, kazi ya saa moja kwa wiki, na waliniambia kwamba ni mara ya kwanza jumla ya ukurasa wa kushoto kulingana na ya ukurasa wa kulia. Ramadhani ya 2024 ilitukuta huko, na tulifuturu na ile safu nzima ya milango minane, wanaume upande huu na wanawake upande ule.

Turudi kwa vijana. Wengi wanaoniuliza hawaulizi Kampala. Wanauliza Dubai. Wamesikia kwamba zipo viza maalumu za wafanyakazi wa mbali, na ni kweli zipo. Tatizo ni kipimo. Umoja wa Falme za Kiarabu unataka anayefanya kazi kwa mbali awe na kipato kisichopungua dola 3,500 kwa mwezi. Namibia inataka dola 2,000, Mauritius 1,500. Malaysia inataka dola 24,000 kwa mwaka kwa watu wa teknolojia. Kenya nayo ilianzisha kibali cha namna hiyo mwaka 2024. Milango hii ilichongwa kwa kimo cha watu wa Ulaya na Marekani wanaotafuta jua, haikuchongwa kwa mtunza hesabu wa mpunga. Basi kijana wetu huingia kwa viza ya matembezi, na nyumba anayoimudu ni kitanda kimoja ndani ya fleti iliyogawanywa kwa mbao, watu kumi na zaidi, pengine wanaume na wanawake wametenganishwa na pazia. Aliyempangisha mara nyingi si mwenye nyumba bali ni mpangaji mwenzake, anayekodisha asichoruhusiwa kukikodisha. Katikati ya mwaka 2025 mamlaka za Dubai zilianza msako wa kuviondoa vyumba hivyo vya mbao katika maeneo kama Deira na Satwa. Waliokuwa humo hawakuwa na mkataba wa kuonyesha.

Niliporudi Masagati nililipeleka kwenye kikao cha kamati pendekezo la kuwa na daftari la barua za utambulisho kwa waumini wanaokwenda kuishi mbali, ndani na nje ya nchi. Nilidhani litapita kwa dakika tano. Lilichukua vikao vitatu. Mzee mmoja, ninayemheshimu sana, alisimama akasema: "Katibu, muhuri huu ni wa msikiti, si wa dalali. Mtu akitoroka na kodi ya watu huko, jina litakalotajwa si lake, ni letu." Hakuwa amekosea. Katika fiqhi mdhamini hudaiwa kama mdaiwa mwenyewe, na msikiti wenye bati linalovuja hauna fedha ya kulipia kodi ya mtu aliyeko Deira.

Tulichoafikiana ni kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Barua yetu ni ya utambulisho, si ya dhamana, na neno hilo limeandikwa humo waziwazi. Inasema tunachokijua kwa macho yetu tu: jina, wazazi, hali ya ndoa, muda tuliomjua, na kazi anayoifanya. Asiyejulikana na wajumbe watatu haandikiwi, hata awe mtoto wa nani. Haisemi kwamba ni mcha Mungu, kwa kuwa hilo hatulijui. Na mwombaji hutuonyesha kwanza anakokwenda: mtaa, na jina la mtu atakayempokea. Kwa sharti hilo la mwisho tumekwisha kumkatalia kijana mmoja aliyekuwa anakwenda Dubai akiwa na picha ya chumba tu. Alikasirika, na mama yake hanisalimii hadi leo.

Mwingine tulimwandikia mwezi uliopita. Anachora nembo na mabango kwa wateja wa Nairobi, ana mke na mtoto mchanga, na amepata ndugu wa kumpokea Mombasa. Nilimweleza habari ya uwanja wa wanawake, nikamwambia atafute mapema meza ya mchana, nje ya nyumba. Mkewe, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, aliuliza choo kitakuwa cha milango mingapi. Nikaandika barua, mwenyekiti akatia sahihi, nami chini ya namba yake ya simu nikaongeza mstari ambao haukuwamo katika ile niliyokwenda nayo mimi: apigiwe baada ya Alasiri, anapokuwa kilimani.